Mbwa wa Mpangaji: Kweli na Uongo kuhusu Wanyama Wasaidizi katika Nyumba za Kupanga Marekani

Mtu asiyeona akienda kupanga fleti Marekani pamoja na mbwa anayemwongoza, na jengo lina kanuni kwamba wanyama hawaruhusiwi, mwenye nyumba hawezi kuitumia kanuni hiyo kumfungia mlango. Mfano huu sikuutunga mimi. Umo ndani ya kanuni za serikali zinazofafanua sheria ya makazi, na umekuwamo tangu mwaka 1989. Hata hivyo, hadi leo wapo wapangaji wanaotozwa fedha wasizodaiwa, wanaonyimwa nyumba, au wanaomtoa mnyama waliyemtegemea kwa sababu karani wa ofisi ya kupangisha alisema "haiwezekani" na wao wakamwamini.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili wengi kuliko inavyodhaniwa. Marekani wanaishi maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo Wakongomani waliopitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi kabla ya kupokewa kama wakimbizi, na wengi wao ni wapangaji. Kati yao wapo wazazi wa watoto wenye usonji, wazee walioanza kupoteza kusikia, na watu ambao usiku bado unawarudisha kwenye vita walivyovikimbia. Wapo pia waliokwisha kununua nyumba na kupangisha vyumba, ambao sheria hii inaweza kuwabana kama inavyowabana wenye nyumba wengine. Pande zote mbili zimejaa uvumi, na uvumi huu unaumiza watu. Tuuchambue.

Kwanza sheria yenyewe. Sheria ya Haki katika Makazi ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Wakati huo ilikataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya mtu, ulemavu haukutajwa. Ilichukua miaka 20 hadi Kongresi ilipoongeza watu wenye ulemavu katika marekebisho ya 1988, yaliyoanza kutumika Machi 1989. Marekebisho hayo yalileta wazo ambalo ndilo kiini cha yote yatakayofuata: kumtendea mtu mwenye ulemavu sawasawa na wengine wakati mwingine ndiko kumbagua. Kwa hiyo mwenye nyumba analazimika kulegeza kanuni zake, kwa kadiri inayofaa, pale ambapo bila kulegeza, mtu huyo hataweza kuishi na kuifurahia nyumba kama wapangaji wenzake.

"Mkataba umekataza wanyama, na nimeshatia saini. Basi yamekwisha."

Uongo. Katika sheria hii mnyama msaidizi hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa kwa mapenzi tu. Kanuni ya "wanyama hawaruhusiwi" ni miongoni mwa kanuni ambazo sheria inataka zilegezwe. Ombi linaweza kutolewa kabla ya kuhamia, baada ya kuhamia, hata baada ya mnyama kuwa tayari yumo ndani na barua ya onyo imeshabandikwa mlangoni. Si lazima ulitoe kwa maandishi, wala kwa fomu maalumu ya kampuni, wala kwa kutaja jina la sheria. Ukimwambia msimamizi wa jengo kwamba mwanao ana ulemavu na unaomba aruhusiwe kukaa na mbwa anayemsaidia, umeshaomba.

Lakini ninakusihi uandike. Neno la mdomo hukanwa, na karani uliyezungumza naye Jumatatu anaweza kuwa hayupo kazini mwezi ujao. Na usingoje barua ya onyo. Ombi linalotolewa baada ya ugomvi huonekana kama kisingizio hata likiwa la kweli kabisa.

"Lazima mbwa awe amesomea chuo na awe na cheti."

Uongo, na huu ndio uongo uliowagharimu watu zaidi.

Ni rahisi kuona ulikotoka. Picha ya mbwa msaidizi ambayo wengi wetu tunayo ni ya mbwa anayemwongoza mtu asiyeona, na mbwa huyo kweli amesomea. Shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani, na Marekani ilifuata mwaka 1929 kwa shule ya Seeing Eye. Mbwa wa aina hiyo hufundishwa kwa miezi mingi, na gharama yake ni kubwa. Wapo pia wanaofundishwa kumwamsha kiziwi kengele ya moto inapolia, kumlinda mtu mwenye kifafa anapoanguka, au kumwokotea vitu mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Sasa tazama kilichotokea Madison, jimbo la Wisconsin. Wanawake wawili viziwi walipanga nyumba na kuleta mbwa ambaye, kwa maelezo yao, alikuwa akiwajulisha mtu anapogonga mlango na simu inapolia. Hakutoka shule yoyote. Mwenye nyumba alisema huyo ni mbwa wa kawaida tu, na baraza la wazee wa mahakama likamwunga mkono. Kesi ilipofika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba huko Chicago, mwaka 1995, majaji waliitengua hukumu hiyo na kuamuru kesi isikilizwe upya, kwa sababu wazee hao wa mahakama walielekezwa kwa namna iliyowafanya waone kana kwamba cheti cha shule ndicho kipimo. Majaji hawakusema kila anayedai aaminiwe. Walisema swali la kuulizwa ni kama mbwa huyu anamsaidia kweli mtu huyu, katika ulemavu wake, ndani ya nyumba hii.

Vipi kuhusu mnyama asiyefanya kazi yoyote ya kufundishwa, ambaye uwepo wake tu unamtuliza mtu mwenye kiwewe, sonona au hofu kali? Wengine humwita mnyama wa faraja. Hapa mahakama hazikutembea njia moja. Huko Hawaii, mwaka 2003, mahakama ilitaka ushahidi kwamba mnyama amefundishwa jambo fulani. Huko Ohio, mwaka 2009, mahakama ilisema sheria ya makazi haidai mafunzo, na kwamba mnyama wa faraja anaweza kuhitajika ili mtu aishi vizuri nyumbani kwake. Njia ya Ohio ndiyo iliyofuatwa zaidi tangu hapo, na kwangu mimi ndiyo inayolingana na maneno ya sheria. Kumtuliza mtu hadi akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu atoke vitani ni msaada kamili, na hakuna haja ya kuufundisha shuleni.

"Lipa dola kadhaa mtandaoni, upate kadi ya usajili, na mwenye nyumba hatakuwa na la kusema."

Uongo mtupu. Marekani haina daftari la taifa la wanyama wasaidizi. Halipo na halijawahi kuwepo. Kadi inayong'aa, fulana nyekundu ya mbwa, namba ya usajili, cheti chenye muhuri wa dhahabu: vyote hivyo ni bidhaa, na anayekuuzia amekuuzia bidhaa. Havikupi haki yoyote usiyokuwa nayo. Mwenye nyumba anayejua sheria ataviweka kando na kuuliza swali lile lile la Chicago.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu wanaonaswa mara nyingi ni wageni, watu waliozoea nchi ambako pasipo muhuri hapana haki. Anayetoka mahali ambapo kila shida humalizwa kwa karatasi yenye nembo ataona ni jambo la kawaida kununua karatasi. Halafu anakataliwa, fedha zimekwenda, na pengine ameshaonekana mwongo mbele ya mtu ambaye angemkubalia kama angekwenda kwa njia iliyonyooka.

Kinachotakiwa ni kidogo kuliko hicho. Ulemavu ukiwa unaonekana na kazi ya mnyama inaonekana, kama mtu asiyeona na mbwa wake, mwenye nyumba hapaswi kudai karatasi yoyote. Ulemavu usipoonekana, anaruhusiwa kuomba uthibitisho wa mambo mawili tu: kwamba una ulemavu, yaani hali ya mwili au ya akili inayokuzuia kwa kiasi kikubwa katika jambo kubwa la maisha kama kutembea, kuona, kulala, kujifunza au kufanya kazi, na kwamba mnyama huyo anasaidia katika hali hiyo. Barua fupi ya mtu anayekujua kwa sababu ya kazi yake inatosha: daktari, muuguzi, mtaalamu wa ushauri nasaha, mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayekuhudumia. Daktari anayekutibu kwa njia ya simu au video naye anaweza kuandika, mradi anakutibu kweli. Tofauti iko hapo. Mtu aliyekusikiliza na kujua hali yako ni shahidi. Tovuti iliyokuuliza maswali kumi na kukutumia cheti baada ya kadi ya benki kukubaliwa si shahidi wa lolote.

Baadhi ya majimbo yamekaza zaidi. California, tangu Januari 2022, inamtaka mtaalamu wa afya awe na uhusiano wa kikazi na mteja kwa angalau siku 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa wa faraja. Florida tangu 2020 inamhesabia kosa la jinai mtu anayedanganya kuhusu mnyama wa faraja ili apate nyumba. Kabla hujaandika lolote, jua sheria ya jimbo unaloishi.

"Mwenye nyumba ana haki ya kujua unaumwa nini."

Uongo. Hana haki ya jina la ugonjwa wako, faili lako la hospitali, orodha ya dawa zako, wala kukutaka umwonyeshe mnyama anavyofanya kazi yake. Mama aliyebakwa vitani halazimiki kusimulia hayo mbele ya dawati la ofisi ya kupangisha ili aruhusiwe kukaa na paka wake. Barua ya mtaalamu ikisema kwamba ana ulemavu na kwamba mnyama anahitajika kwa ajili ya ulemavu huo, imetosha. Ukiulizwa zaidi, jibu kwa adabu kwamba barua inajitosheleza.

"Nitalipa depoziti ya mnyama na kodi yake ya kila mwezi."

Uongo, ingawa hapa pana jambo la kuangalia.

Majengo mengi hutoza ada ya kuingiza mnyama, depoziti ya ziada, na juu yake kodi ya mnyama kila mwezi. Mpangaji mwenye mnyama msaidizi hadaiwi hata moja kati ya hizo. Hakuna anayemtoza mtu depoziti kwa sababu ameingia na kiti cha magurudumu, na mnyama msaidizi anahesabiwa kwa mtazamo huo huo. Kama umekuwa ukilipa bila kujua, omba kwa maandishi zisimamishwe, na uulize kuhusu ulizokwisha kutoa.

Jambo la kuangalia ni uharibifu. Mbwa akitafuna mlango au paka akichana zulia, mwenye nyumba anaweza kukudai gharama ya kutengeneza au kukata katika depoziti yako ya kawaida, kama ambavyo angemdai mpangaji mwingine yeyote aliyeharibu. Unalipia kilichoharibika, baada ya kuharibika. Hulipii hofu ya mwenye nyumba kabla ya lolote kutokea.

"Mbwa huyu ni wa aina hatari, au ni mkubwa mno kwa jengo letu."

Uongo kwa sehemu kubwa. Majengo mengi huweka orodha ya mbwa wasiotakiwa, pit bull wakiwa wa kwanza, au kikomo cha uzito. Vikomo hivyo huwekwa kwa ajili ya wanyama wa kufugwa tu, na mtu mwenye kiti cha magurudumu anayehitaji mbwa mwenye nguvu za kumvuta hawezi kuambiwa alete mbwa mdogo wa mapajani. Kinachoruhusiwa kutazamwa ni mbwa huyu mwenyewe: ameuma mtu? Ameshambulia? Mwenendo wake ndio ushahidi, hapimwi kwa ukoo wake.

Na ikionekana kwamba kweli ni hatari kwa watu, au ataharibu vibaya mali ya wengine, na hakuna njia ya kupunguza hatari hiyo, mwenye nyumba anaweza kukataa. Hilo ni kweli, na ni haki. Sheria haikuwahi kumlazimisha jirani aumwe. Vilevile hakuna mpangaji aliyesamehewa kuokota kinyesi cha mbwa wake, kumpa chanjo ya kichaa cha mbwa, kumfunga kamba anapopita kwenye ngazi za jengo, na kuhakikisha habweki usiku kucha. Mpangaji anayepuuza haya anamharibia mwenziwe atakayekuja kuomba kesho.

"Ni mbwa tu. Na ni mmoja tu."

Uongo yote mawili. Huko San Jose, California, mwanamke mmoja mwenye ugonjwa wa akili alikuwa na ndege wawili na paka wawili, na mwaka 2000 mahakama ya shirikisho ilikataa kuitupa kesi yake kwa sababu tu wanyama hao si mbwa. Wakiwa zaidi ya mmoja, kila mmoja awe na sababu yake.

Wanyama wasio wa kawaida ndani ya nyumba ni habari nyingine. Mwongozo uliotolewa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ile inayoitwa HUD, Januari 2020, uliwataja mbwa, paka, ndege wadogo, sungura, samaki, kobe na wadogo wengine wa namna hiyo kuwa ndio wa kawaida. Anayetaka nyani, nyoka, au mnyama wa zizini kama kuku na mbuzi, alitakiwa kubeba mzigo mzito zaidi wa kuthibitisha kwa nini ni mnyama huyo hasa na si mwingine. Yawezekana: nyani wa aina ya kapuchini amewahi kufundishwa kumsaidia mtu aliyepooza kwa kazi za mikono ambazo mbwa hawezi kuzifanya. Lakini anayetaka kuku kwa kuwa anakumbuka nyumbani, ninamwelewa sana, ila hiyo haitoshi.

Na hapa niongeze jambo ambalo hata baadhi ya washauri hulikosea. Mwongozo wa wizara si sheria. Huandikwa na uongozi mmoja na waweza kuondolewa na uongozi mwingine bila Kongresi kupiga kura. Ukiandika barua kwa mwenye nyumba, simama juu ya Sheria ya Haki katika Makazi yenyewe na kanuni zake, kwa sababu hizo haziondolewi kwa waraka wa ofisi.

"Kama anaruhusiwa nyumbani, anaruhusiwa kila mahali."

Uongo. Sheria zinazohusika ni tatu, na hazifanani. Nyumbani unalindwa na sheria ya makazi, ambayo ndiyo pana kuliko zote. Dukani, mgahawani na hospitalini kuna Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya 1990, ambayo kanuni zake, tangu Machi 2011, zinamtambua mbwa aliyefundishwa kazi maalumu, na kwa masharti yake farasi mdogo pia. Paka wa faraja hana nafasi huko. Kwenye ndege, tangu Januari 2021, mashirika hayalazimiki tena kumpokea mnyama wa faraja kama mnyama msaidizi. Mpangaji aliyekubaliwa nyumbani kwa haki asije akabishana na mlinzi wa duka kwa barua ile ile.

"Dini yangu hairuhusu mbwa, kwa hiyo siwezi kulazimishwa kumpangishia."

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo mbwa ni najisi na kilichoguswa na mate yake hutwaharishwa kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyelelewa hivyo hachukii walemavu anaposita. Anasita kwa sababu ya ibada yake.

Lakini dai lenyewe, kisheria, ni uongo kwa mwenye nyumba wa kawaida. Ukiwa na jengo linaloguswa na sheria hii na unapangisha kwa umma, imani yako haikupi ruhusa ya kumkatalia mtu asiyeona pamoja na mbwa wake. Hakuna anayekutaka umguse mbwa huyo. Unatakiwa kumpangishia mtu nyumba. Na wanazuoni wenyewe hawakulifunga jambo hili: mbwa wa kuwinda na wa kulinda amekubaliwa tangu zamani kwa sababu ya haja, na mwaka 2008 huko Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulikubali kumpokea kijana Mwislamu asiyeona pamoja na mbwa anayemwongoza, baada ya baraza la kisheria la Waislamu nchini humo kutoa fatwa. Ikiwa hilo liliwezekana msikitini, basi fleti ya kupangisha haina hoja.

Mpangaji wa jirani mwenye pumu au mzio mkali naye ana haki zake, na mwenye nyumba anapaswa kutafuta njia ya kuwaweka wote wawili, kwa mfano kwa kuwapa nyumba zilizo mbalimbali ndani ya jengo. Kutompenda mbwa tu, au kumwogopa tangu utotoni, hakumwondoi mpangaji mwenzako.

"Sheria hii inamgusa kila mwenye nyumba."

Uongo, na hapa wapangaji wengi hushangaa. Jengo lenye nyumba zisizozidi 4, ambalo mwenyewe anaishi katika mojawapo, halibanwi na sehemu kubwa ya sheria ya shirikisho. Vivyo hivyo nyumba ya familia moja inayopangishwa na mwenyewe bila dalali, ikiwa hana zaidi ya nyumba 3 za namna hiyo. Kwa hiyo Mkenya wa Minneapolis anayepangisha ghorofa ya chini ya nyumba anayoishi anaweza kuwa nje ya sheria hii. Lakini majimbo na miji mingi ina sheria zake zinazofika hadi huko, na nyumba zinazopata fedha za serikali ya shirikisho zinabanwa pia na sheria ya mwaka 1973 inayokataza ubaguzi wa walemavu. Msamaha huo una matundu mengi kuliko unavyodhani.

Wenye kudhani wamesamehewa huwa wanakosea hata wakiwa wakubwa na wenye wanasheria. Vyuo vikuu vilidai mabweni si makazi. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho ilikataa hoja hiyo katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Nebraska huko Kearney, na mwaka 2015 kesi hiyo ikaisha kwa makubaliano ya dola 140,000. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, kilikubali kulipa dola 145,000 baada ya kumkatalia mwanafunzi mbwa wa faraja katika fleti za chuo. Mwanafunzi kutoka Nairobi au Dar es Salaam anayeishi katika nyumba ya chuo Marekani analindwa na sheria ile ile.

"Mimi si raia. Nikilalamika nitajiletea balaa."

Sheria haikuwahi kuweka sharti la uraia kwa mtu anayeonewa katika makazi. Inamlinda mtu yeyote. Pia inakataza mwenye nyumba kulipiza kisasi, yaani kukutisha, kukupandishia kodi au kukutoa kwa sababu umedai haki yako au umemsaidia jirani kudai yake. Siwezi kumwambia mgeni kwamba woga wake hauna sababu. Ninamwambia azungumze na wakili wa msaada wa kisheria au shirika la haki za makazi katika mji wake kabla ya kukata tamaa. Huduma hiyo mara nyingi haina malipo.

Kwa miaka mingi sasa malalamiko ya ubaguzi wa makazi yanayohusu ulemavu yamekuwa mengi kuliko ya aina nyingine yoyote, kwa hiyo ukilalamika hutakuwa mtu wa ajabu. Andika ombi lako, lenye tarehe, na ubaki na nakala. Ambatisha barua ya mtaalamu wako kama ulemavu hauonekani. Ukipewa jibu la mdomo, liandikie barua pepe ya kulithibitisha siku hiyo hiyo. Usipojibiwa, kumbushia baada ya siku 10, ambazo ndizo mwongozo wa 2020 ulizitaja kuwa muda wa kutosha kwa mwenye nyumba. Endelea kulipa kodi yako ya nyumba kwa wakati, usimpe mtu sababu nyingine ya kukutoa. Ukikataliwa, una mwaka 1 tangu siku ya tukio kupeleka malalamiko HUD, bila ada, au miaka 2 kufungua kesi mahakamani. Simu ya HUD ya malalamiko ya makazi ni 1-800-669-9777.